Mpangaji wa Trela

Pale ukumbini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mpangaji tu. Wafanyakazi wapya walidhani ni mtu aliyekodi chumba ndani ya jengo, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya neno tuliyoizoea sote, na yeye hakujisumbua kuwasahihisha. Aliwaacha na imani yao mpaka siku waliyomkuta katika chumba cha mitambo, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, akitazama vipande vya filamu ambazo hazijatoka bado na kusema peke yake: huyu abaki, huyu asubiri, huyu akae nyuma ya yule. Hapo ndipo walipoelewa anapanga nini. Kazi yake ilikuwa kuamua trela zipi zionyeshwe kabla ya filamu, na zifuatane vipi.

Yeye mwenyewe hakuziita trela. Alisema bandanonsi, kama wazee wa Kigali waliopitia Kifaransa. Sisi vijana tukisema trela alijibu kwamba trela ni ile inayovutwa na lori.

Nilimfahamu nilipoajiriwa kuuza tiketi. Nilikuwa nimekulia Mwanza, nikaja Kigali mtu mzima pamoja na wazazi waliorudi kwao, na Kinyarwanda changu wakati huo kilitosha kuomba maji ya kunywa na si zaidi. Yeye alikuwa mtu wa Nyamirambo, wa zile familia za Kiislamu za maduka na vyerehani ambazo Kiswahili kwao kinasemwa mezani. Siku yangu ya kwanza alinisikia nikihangaika na mteja dirishani. Akaja akasimama nyuma yangu, akamjibu mteja yule kwa Kinyarwanda, akamchekesha, kisha akanigeukia.

"Binti, ukikwama niite. Na mimi sema nami Kiswahili, maana humu ndani wamenifanya nikisahau."

Haikuwa kweli. Hakusahau neno hata moja, na hakuacha hata moja limpite. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na kwa mgeni hilo ni jambo kubwa kuliko mshahara.

Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mashati yake alishona mwenyewe, kwa kuwa kabla ya sinema alikuwa fundi cherehani, na bado alikuwa na tabia ya kumshika mtu kola wakati wa maongezi na kukagua mshono. Meneja wetu, kijana aliyelelewa Kampala, mpole na mwenye haraka, alishikwa kola hivyo mbele ya wageni zaidi ya mara moja. Ijumaa Mpangaji alikuja na kofia, akaondoka kwenda msikitini baada ya kumwachia fundi wa mitambo maagizo marefu ambayo fundi aliyajua tayari, akarudi akiuliza kama yamefuatwa.

Trela zikianza hakutazama skrini. Alisimama ubavuni mwa ukumbi, mgongo ukutani, akiwatazama watu. Mara ya kwanza niliyoingia baada ya kufunga dirisha langu nilimkuta hivyo, mwanga wa picha ukibadilika usoni mwake, nikamwuliza kwa kunong'ona anaangalia nini.

"Yule bwana wa shati la bluu," akasema. "Ametoka kugombana na mke wake. Angalia, wamekaa na kiti katikati. Trela ya kwanza imempita. Ya pili imempita. Subiri hii."

Hii ilikuwa ya vichekesho, mbwa na harusi. Mke akacheka. Yule bwana akamtazama mkewe kwanza, ndipo naye akacheka. Mpangaji akanigonga kiwiko kana kwamba timu yake imefunga goli.

Alikuwa na misimamo yake. Trela ya kwanza, alisema, ni ya watu wanaotafuta viti: taa bado zinawaka, milango iko wazi, bisi zinamwagika, kwa hiyo usiweke hapo kitu unachokipenda. Ya mwisho ndiyo mtu huingia nayo kwenye filamu, kwa hiyo isifanane na filamu yenyewe, na isiishinde. Na kati ya kicheko na kilio lazima pawe na kitu cha kupumzikia, hata kama ni trela mbovu. "Usimchekeshe mtu halafu ukamtupa msibani," alimwambia fundi. "Mpe muda wa kufunga mdomo."

Aliyasema hayo kwa ukali kama mtu anayezungumzia dawa. Wengine walimcheka. Nami nilicheka kidogo, mpaka siku ile ya mama mmoja.

Ilikuja trela ya filamu ya vita ya nchi za mbali. Milango ilivunjwa, watu walijificha chini ya vitanda, mtoto alizibwa mdomo. Ilionyeshwa mara moja tu gizani. Nilikuwa dirishani nilipoona mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge vizuri, anatoka ukumbini akipapasa ukuta. Alifika kwangu akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Kabla sijajua nimwambie nini, Mpangaji alikuwa ameshamfuata.

"Ihangane, mama," alimwambia taratibu kwa Kinyarwanda. Vumilia. Akamvutia kiti, akaniomba chai. Hakumwuliza ameona nini wala ametoka wapi. Alikaa kando yake, wakazungumza juu ya mvua iliyochelewa na juu ya vitunguu, namna vinavyooza haraka mwaka huo. Filamu ilifika katikati wao wakiwa pale pale. Mama yule alipoondoka alimshukuru kwa chai tu, naye akaitikia kuhusu chai tu.

Kesho yake alikwenda kwa meneja.

"Ile isionyeshwe tena gizani."

"Mzee, wenye filamu wanataka ionyeshwe. Tuna mkataba nao."

"Sijasema isionyeshwe. Nimesema gizani."

Walikubaliana. Ikawa ya kwanza, taa zikiwaka, milango ikiwa wazi, ili asiyeitaka aweze kutoka bila kutazamwa. Yeye alisimama mlangoni akiwaambia wanaoingia kwa sauti ya chini: inaanza na vita, kama unataka kununua maji kwanza, nunua. Watu wengi kuliko nilivyotegemea walikwenda kununua maji.

Sitaki aonekane malaika. Alikuwa mgomvi. Alichukia watu wanaoongea ukumbini, na hakuna aliyeongea ukumbini kama yeye. Aliwakataza watoto kutafuna kwa kelele, mfukoni mwake mkiwa na karanga. Aliapa kwamba mtu anayekusimulia mwisho wa filamu amekuibia, lakini kila Jumatatu alikwenda kwenye geti la magari akamsimulia mlinzi filamu nzima, mwanzo mpaka mwisho, na kuigiza mapigano.

"Mzee," mlinzi alimwuliza siku moja, "yule mwanamke wa firamu iko amekufa, ama iko mzima?"

"Mzima. Alijifanya amekufa."

"Mungu mkubwa! Mimi nalilala vibaya siku mbili."

Nilimkumbusha kiapo chake. Akanijibu kwamba mlinzi yule hawezi kuacha geti akaingia ndani, na mtu asiyeweza kuingia anasimuliwa. Hapo alikuwa na haki, nadhani.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa na haki nalo, na wote tulilijua. Alikuwa na binti. Binti yule alisoma uhasibu, akafanya kazi kidogo, kisha akaacha akaanza kutengeneza filamu. Baba yake, ambaye maisha yake yote yalikuwa ndani ya ukumbi wa sinema, alimwambia filamu si kazi. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwenye simu: "Mimi naonyesha. Kuonyesha ni kazi. Kutengeneza ni kubahatisha." Binti akakata simu. Ukapita muda mrefu bila wao kusemezana, na tukijaribu kugusia alishika kola ya mtu aliye karibu na kuanza kukagua mshono.

Siku moja alifika dirishani kwangu msichana mrefu mwenye macho yale yale ya baba. Alikuwa na flashi ndogo ndani ya bahasha.

"Wewe ndiye dada wa Mwanza?"

"Ndimi."

"Hii ni trela yangu. Filamu yangu imekubaliwa kuonyeshwa hapa mwezi ujao. Mpe yeye. Usimwambie nimeileta mwenyewe."

"Yumo ndani. Nimwite?"

"Hapana, dada. Akiniona mimi hataiona hiyo."

Nikampelekea. Hakuniuliza imetoka wapi. Alifunga mlango wa chumba cha mitambo na kuiangalia peke yake, na kupitia ukuta nilisikia sauti zile zile zikianza upya, na upya tena.

Filamu ilikuwa juu ya mjane anayerithi gereji ya mumewe kule Gatsata. Wote tuliipenda trela ile. Meneja aliipenda kuliko sisi. Alisema filamu ya hapa nyumbani inastahili nafasi ya mwisho, karibu kabisa na filamu kubwa ya wikendi, na akamwachia Mpangaji amalizie mengine akijua hakuna la kuamua. Ijumaa jioni binti alinunua tiketi, akaketi katikati ya ukumbi na rafiki zake wawili.

Mpangaji aliiweka ya kwanza.

Taa zilikuwa zinawaka. Watu walikuwa wanapanda ngazi na bisi zao, wanaitana, wanauliza safu. Sauti ya mjane yule ilizama humo. Trela ilipokwisha, binti alisimama, akapita mbele ya baba yake aliyekuwa ukutani, akatoka. Alisimama kidogo dirishani kwangu.

"Amenizika," akasema. "Mbele ya watu, na taa zikiwaka."

Akachukua moto, kama wanavyoita bodaboda Kigali, ile ya kwanza iliyopita barabarani, hata kofia ya abiria akaivaa wakiwa wameshaondoka.

Nilimngoja baba yake mpaka filamu ilipoanza, nikamfuata chumba cha mitambo. Nilikuwa na hasira za mtu asiye na haki ya kukasirika.

"Mzee, kwa nini?"

Akasema, "Ningeiweka mwisho wangesema ni kwa sababu ni mwanangu."

"Hiyo siyo sababu."

"Siyo," akakubali. Akageuza kikombe chake mezani. "Niliogopa, binti. Ukiweka kitu mwisho, watu wote wanakitazama. Kama wangecheka mahali pasipofaa? Mimi ndiye ningeziona nyuso zao. Nikasema, bora wasiione."

Nikageuka kuondoka, akaniita.

"Uliwaona wale wa kwenye ngazi?"

"Sikuwa ndani, Mzee."

"Walisimama. Wana bisi mikononi, hawajapata viti, wakasimama kwenye ngazi wanaangalia. Miaka yote hii sijaona mtu akisimama kwa trela ya kwanza." Alisema hivyo kama mtu anayejishitaki.

Wiki nzima ilipita. Jumamosi iliyofuata, alasiri, ukumbi ulijaa kwa ajili ya filamu ya magari na bunduki. Alikuja dirishani akaniambia, "Funga. Njoo usimame na mimi leo." Nikafunga, nikasimama naye ukutani. Akamwashiria fundi. Taa zikazimwa zote, milango ikafungwa, na trela za wengine wote, zile kubwa zenye mikataba, hazikuonekana. Ilionyeshwa moja tu, ya binti yake, na baada yake ikaanza filamu.

Malalamiko ya wenye filamu yalifika Jumatatu. Meneja alimwita, na kwa kuwa mlango wake ulikuwa wa kioo niliwaona wote wawili wamesimama, hakuna aliyetaka kukaa. Mpangaji alitoka akiwa ametulia.

"Sasa zitakuja zimeshapangwa," aliniambia. "Zote ndani ya faili moja, kutoka huko huko. Fundi anabonyeza tu."

"Na wewe?"

"Meneja ni kijana mzuri. Amenipa kazi ya kukata tiketi mlangoni."

Alikata tiketi kwa miezi kadhaa. Alizikata kwa unyoofu, kama kitambaa. Lakini trela zikianza alitoka nje, akaenda kukaa na mlinzi getini, na siku moja hakuja tena. Hapakuwa na ugomvi. Alipiga simu tu akasema amechoka kusimama. Filamu ya binti yake ilionyeshwa kwetu siku zake chache, ikapata watu wa kutosha, ikaondoka. Binti mwenyewe hakukanyaga pale, alimtuma rafiki.

Mimi nikabaki. Nilijifunza Kinyarwanda, nikahamishwa kutoka dirishani kwenda ofisini. Trela zinakuja zimepangwa na hazina kosa lolote, zinafuatana tu. Watu wanaziangalia huku wameshika simu. Mara nyingine, kicheko kinapokatwa na risasi kabla mtu hajafunga mdomo, naona watu wawili watatu wakishtuka kitini, na najua kuna mtu ambaye angelikasirikia jambo hilo mpaka usiku.

Mwaka huu ndipo niliposikia anaishi Busanza, kwa binti yake. Nilidhani nimesikia vibaya. Jumapili moja nikanunua maparachichi na mkate, nikaenda.

Binti alinipokea mlangoni, akanikumbatia kama ndugu. Baba alikuwa sebuleni kwenye kiti kirefu, shati limenyooka vile vile. Macho yalikuwa yamechoka. Presha ya macho, alisema binti, kushoto haoni kabisa na kulia anaona vivuli. Alinitambua kwa sauti.

"Dada wa Mwanza! Njoo karibu nikushike kola."

Binti akaweka chai, na katika kumimina akanieleza walivyopatana. Alikuwa Gatsata, anapiga filamu yake ya pili katika gereji zile zile, alipomwona baba yake amekaa kwenye tairi kuukuu ng'ambo ya barabara. Baba hakuvuka. Alikaa hapo mchana mzima. Kesho yake akaja tena, akakaa. Binti akamtumia chai kwa mkono wa mtu. Siku iliyofuata binti alishindwa kuvumilia, akavuka mwenyewe kumwuliza anataka nini.

"Unajua alinijibu nini? Eti, nimekuja kuomba kazi."

"Nilihitaji kazi," Mpangaji akasema.

"Nikampa. Kazi yake ilikuwa kuzuia wapita njia wasiitazame kamera. Dada, Gatsata nzima ilimwogopa! Alikuwa anapiga kelele mpaka tunashindwa kurekodi sauti."

Tulicheka. Alikuwa amemsamehe, nilivyoona, bila kumdai maelezo, na nikajua kuwa yale ya Ijumaa ile hayakuzungumzwa tena kati yao. Ndege iliyotoka Kanombe ikapita juu, tukaingoja imalize.

Nami, kwa kujua yote yameshapita, nikauliza swali nililokaa nalo muda wote huo.

"Mzee, ile Jumamosi ulipoiweka peke yake, ulijua watakuondoa?"

Alinyanyua mkono haraka, kama mtu anayezuia mlango. Binti akaacha kumimina.

"Jumamosi gani?"

"Kunywa chai," baba yake akaniambia.

"Baba. Jumamosi gani?"

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kumwambia. Alikwenda kukaa juu ya tairi siku zote zile, akaomba kazi, akaishi chini ya paa lake, na hakumwambia. Nikamtazama yeye, lakini asingeweza kuyaona macho yangu. Nikamgeukia binti, nikamwambia: wiki moja baada ya wewe kuondoka, baba yako alizitoa trela zote akaonyesha yako peke yake. Ukumbi ulijaa. Ndiyo sababu ya yeye kwenda kukata tiketi mlangoni.

Binti aliiweka birika mezani. Alikaa kwenye mkono wa kiti cha baba yake, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ningekuwa nakuomba," akasema Mpangaji. "Nilitaka unifukuze kama unataka kunifukuza."

Binti alinigeukia mimi.

"Watu walifanya nini?"

Nikamweleza. Giza lilipoingia watu walinyamaza wakitegemea magari na bunduki, ikatokea barabara ya Gatsata, na kijana mmoja akapaza sauti, "Ni iwacu!" Ni kwetu hapa. Watu wakacheka, lakini cheko la kufurahi. Halafu wakatulia. Ilipofika pale mwishoni, mjane yuko chini ya lori, inaonekana miguu yake tu na kitenge, ananyoosha mkono kuomba spana na mafundi wote wanamtazama bila kumpa, mama mmoja safu ya mbele alisema kwa nguvu, "Si mumpe!" Filamu yao ikaanza, na bado kulikuwa na watu wanaongea habari za yule mjane.

"Na walipiga makofi," Mpangaji akasema.

"Hawakupiga makofi, Mzee."

"Walipiga. Mmoja alipiga."

"Aliyepiga ni wewe."

Mkono wake ulikuwa unatafuta kitu kwenye nguo ya binti yake, ukakuta ukingo wa kola, ukakaa hapo bila kukagua chochote. Binti alifuta macho kwa kiganja, akanisogezea kikombe changu.

"Anza tena, dada," akaniambia. "Pale taa zilipozimwa. Na usiruke kitu."